Sekunde Sitini Kati ya Mawe Mawili

Machi 11

Mvua ya kwanza. Bati la karakana limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, na Baba kasema maneno yaleyale ya mwaka jana, kwamba mimi ndiye niliyetakiwa kuliziba. Nimeanza kuandika kwa sababu sina wa kumwambia. Mama nikimwambia analia. Mdogo wangu wa kiume nikimpigia simu ananijibu, "Vumilia dada, mzee yule," halafu anakata akale chakula chake kwa amani. Basi nitaliambia daftari.

Daftari, jua hivi. Baba ni fundi wa spidomita za magari ya zamani, zile za kebo na mshale, si hizi za umeme. Mimi nina miaka arobaini na saba, na ishirini na sita kati ya hiyo nimeimalizia pembeni ya meza yake. Nafungua skrubu, nasafisha, nampa, naendesha. Yeye anakaa kwenye meza, anafunga, anasifiwa. Na Baba haoni. Kingo za vitu anaziona, katikati pana ukungu. Akitaka kukutazama anageuza shingo upande kama kuku anayekagua punje. Anadhani hatujui. Mama anajua, mimi najua, na mbwa wa jirani nadhani naye anajua.

Huu mwaka wa pili, akipanda juu kulala mchana, nafungua kila spidomita aliyoifunga na kuirudia upya. Akishuka anaikuta pale alipoiacha. Tukiipeleka barabarani inapita, anajipigapiga kifua na kusema, "Mkono wa mzee huo." Nanyamaza.

Machi 14

Mvua. Spidomita mbili. Nimezirudia zote mbili.

Machi 19

Leo tulipima ile ya gari la kijani. Nje ya mji kuna mawe mawili ya kilomita, na kati yake barabara imenyooka. Utaratibu wa Baba haujabadilika tangu nikiwa binti mdogo: aliyefunga spidomita haendeshi. Naendesha mimi, naupandisha mshale hadi sitini, naushikilia hapo na kusema, "Sitini." Yeye anatazama dirishani, maana mawe yako pembeni na pembeni anaona, halafu anahesabu. Kama spidomita ni ya kweli, kilomita inaisha kwa sekunde sitini kamili. Zikipungua, gari linakwenda kasi kuliko linavyosema. Zikizidi, linajisifu.

Zamani alikuwa na saa ya kupimia mbio. Sasa anahesabu kwa mdomo, eti saa ni ya watu wasiojiamini. Ukweli ni kwamba hawezi kuisoma. Lakini lazima niseme na hili: kwa kuhesabu hajambo. Nimemlinganisha na saa yangu ya mkononi zaidi ya mara mia, kwa siri, na hajawahi kukosea hata sekunde moja.

Wakati wa kurudi alikuwa amechangamka. Akasema, "Siku nitakayokosea hapa kati ya mawe haya, nitakuachia meza siku hiyohiyo. Sitangoja kesho." Kisha akacheka. "Ila usianze kukipasha kiti moto."

Nikacheka naye. Hiyo spidomita niliirudia mimi jana mchana, mwanzo hadi mwisho.

Machi 22

Hakuna la maana. Mama anakohoa.

Machi 26

Nataka niandike hili polepole.

Mshale wa spidomita haulali kwenye sifuri kwa hiari yake. Springi yake inautaka urudi nyuma zaidi, ila kuna kipini kinauzuia. Kabla ya kuung'oa, unauinua juu ya kipini, unauacha urudi hadi pale unapotaka wenyewe, unaweka alama ya penseli. Usipoweka alama umeipoteza springi, utabahatisha siku nzima. Hilo ni somo la siku ya kwanza, hata mimi alinifundisha siku ya kwanza. Jana Baba aling'oa mshale wa spidomita ya Wakili bila alama. Asingeiona hiyo alama hata angeiweka.

Leo asubuhi Wakili kaingia na mwavuli wake. Gari lake ni lile jeusi refu alilorithi kwa marehemu baba yake, na analipenda kuliko anavyowapenda wateja wake. Akauona mshale umekaa mahali pa ajabu, akauliza kulikoni.

Baba hakupepesa. Akasema, "Muulize huyu. Miaka ishirini na sita bado anang'oa mshale kama ananyonyoa kuku."

Wakili akacheka. Nami nikatabasamu, nikidhani yamekwisha.

Hayakuisha. Baba akaendelea, akiwa ameigeuza shingo kwangu, "Mumewe alimrudisha kwangu hata mwaka haujaisha. Nilikuwa najiuliza kamrudishia nini. Sasa najua. Hana mkono. Hakuna kitu anachokishika kikakaa."

Wakili alicheka tena, kidogo, kisha akaanza kuutazama mwavuli wake. Mimi nikaendelea kusafisha kioo ambacho kilikuwa kisafi. Miaka miwili ninamfichia. Miaka miwili nakula chakula cha mchana kimepoa ili jina lake lisiharibike, na bado anajua kupanga maneno yake vizuri namna ile mbele ya mtu wa nje.

Machi 27

Sirudii tena. Kitakachotoka mkononi mwake kitatoka kama kilivyo.

Nimewaza. Ningeweza kuendesha kwa haki, akahesabu, akaona amekosea, akaniachia meza siku hiyohiyo. Lakini hiyo ingekuwa aibu ya watu wawili ndani ya gari, ikaishia humohumo. Yeye alinivua nguo mbele ya watu. Nataka avuliwe mbele ya watu.

Machi 29

Ya Wakili imefungwa. Baba alipolala niliiweka kwenye mashine ya mezani, inayozungusha kebo kwa mwendo ninaoujua. Mwendo wa sabini, mshale unaonyesha sitini. Sikuigusa.

Saa kumi tulitoka nayo. Barabara imelowa, wipa moja haifanyi kazi. Nilipofika jiwe la kwanza nilikuwa nimeuweka mshale kwenye hamsini na moja, yaani sitini ya kweli. Nikasema, "Sitini, Baba." Akahesabu. Jiwe la pili likapita akiwa anasema "sitini" naye, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Mguu wangu ulikuwa imara kabisa kwenye mafuta. Hana mkono, lakini mguu anao.

"Mkono wa mzee huo," akasema.

Nikamwambia, "Kweli Baba."

Aprili 3

Mvua siku nzima. Imetoka spidomita moja, sikuirudia.

Aprili 5

Imetoka nyingine. Baba ananiimbia tukiwa njiani. Sijawahi kumwona na furaha hivi tangu nilipokuwa mdogo.

Aprili 8

Ile ya Mwalimu. Ni mjane, amestaafu, gari ni la marehemu mumewe, dogo, rangi ya maziwa, analiosha kwa mkono. Alileta ndizi. Mwendo wa themanini, mshale unaonyesha sitini na nane. Nilisita. Mwalimu hajanikosea kitu. Halafu Baba akaniambia niwahi kumletea miwani yake ambayo haimsaidii chochote, niwahi, nisijikokote kama nilivyojikokota kwenye ndoa yangu. Nikaiacha kama ilivyo.

Aprili 13

Mwalimu kaja kwa miguu, viatu vimejaa tope. Alisimamishwa na askari wa barabarani kwa mwendo kasi, na askari mwenyewe ni mwanafunzi wake wa zamani, darasa la nne, ambaye Mwalimu alikuwa akimchapa kwa kutojua hesabu. Yule kijana kamwambia, "Mwalimu, leo hesabu umekosea wewe." Akamfokea mbele ya abiria wa basi zima, kisha akalizuia gari.

Alikaa kwenye kiti cha wateja akalia kimyakimya, mkoba mapajani. Baba akasema, "Mwalimu, ulikanyaga mafuta mwenyewe. Spidomita yangu nilihesabu kwa mdomo wangu."

Mwalimu akasema, "Sawa, mzee wangu. Labda ni mimi."

Alipoondoka nilikwenda nyuma ya karakana nikasimama mvuani. Nilisema nitaacha. Sikuacha, maana aliyesikia aibu ya Baba leo ni Mwalimu peke yake, na Mwalimu hana mdomo.

Aprili 17

Mvua. Wateja wawili wamerudi wananung'unika. Baba kawafukuza.

Aprili 21

Wakili mdomo anao.

Aliingia saa nne, karakana ikiwa na wateja watatu. Hakufunga mwavuli. Alikuwa ameifunga spidomita yake kwenye taulo. "Mzee," akasema, "hiki ulichonipa ni spidomita au redio? Maana kinazungumza tu. Naendesha sitini, wananipima sabini. Mimi, wakili, nasimama kizimbani najitetea mwenyewe na nashindwa."

Baba akajibu, "Barabarani ilikuwa sitini. Nilihesabu mwenyewe."

Wakili alimtazama kwa muda. Nadhani ndipo alipoona ile shingo inavyogeuka. Akafungua taulo, akaiweka spidomita mezani, haina kioo, akaisogeza katikati kabisa chini ya taa.

"Nisomee basi," akasema kwa upole. "Mshale uko wapi sasa hivi?"

Baba akainama. Akageuza shingo kushoto, akageuza kulia. Matone ya pale bati linapovuja ndiyo yaliyosikika.

"Uko kwenye sifuri," Baba akasema.

Mshale haukuwepo. Fundi wa upande wa pili wa mji alikuwa ameung'oa, na Wakili akautoa mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha Baba na kumkunjia vidole mwenyewe, kama unavyompa mtoto peremende. Mteja mmoja akacheka kwa pua. Mwingine akachukua spidomita yake mezani akaondoka nayo.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilisimama pale na kitambaa changu nikahisi roho inatulia, inapoa, kama mtu aliyekunywa maji.

Aprili 22

Baba hakushuka.

Aprili 23

Hakushuka. Mama kaniuliza, "Umemfanyia nini babako?" Nikamwambia sijamfanyia chochote. Akasema, "Ndicho hicho nakuuliza. Mbona umeacha?" Kumbe alijua kila mchana nafanya nini. Alikuwa akinifunikia chakula kwa sahani.

Aprili 25

Kashuka, amenyoa ndevu. Akakaa kwenye meza, akapapasa hadi akaipata spidomita ya Wakili, aliyoiacha pamoja na gari ili irekebishwe bure. Akasema bila kunigeukia, "Hii nitaifunga mimi. Usinisaidie hata kusafisha. Nikikosea, meza ni yako, na sitaki kusikia pole."

Hakusema habari ya macho. Na mimi sikusema.

Aprili 28

Anafanya kazi kwa kucha. Kaazima uzi wa Mama, anapima kutoka kipini hadi kwenye namba, anafunga fundo, anapima tena. Kajichoma kidole mara tatu.

Mei 1

Mvua imepungua. Baba kabandika kibanzi cha kiberiti kwenye uso wa spidomita, pale penye sitini. Anawasha mashine, anaegesha sikio, anasubiri mshale ukigonge kile kibanzi. Ukigonga unalia kidogo sana, mimi siusikii. Anapunguza nguvu ya sumaku inayousukuma mshale, anaongeza, anarudia. Mgongo wake umepinda mpaka nahisi maumivu kwenye wangu. Nilitaka kumwambia apumzike. Nilimletea chai nikaiweka mbali kidogo, akaipapasa hadi akaimwaga.

Mei 3

Bado.

Mei 6

Kamaliza. Kabandua kibanzi, kafunga kioo, kapanda juu akalala na viatu.

Nimeiweka kwenye mashine. Thelathini, mshale thelathini. Sitini, sitini. Tisini, tisini. Nikazima nikawasha tena. Zote tatu. Hakuna spidomita ya aina hii inayopata zote tatu, ukishika ya katikati za pembeni zinakimbia, na yeye mwenyewe alinifundisha hivyo. Kipofu wa miaka sabini na sita kaipata kwa uzi na kiberiti. Mimi mwenye macho mawili mazima sijawahi kuipata.

Nilikaa chini sakafuni. Nilitaka kujivunia babangu, na kidogo nilijivunia. Kisha nikawaza kwamba kesho kutwa atahesabu sitini, ya kweli safari hii, na atakaa kwenye ile meza mpaka afe, na mimi nitakuwa na miaka sitini bado nafungua skrubu.

Mei 8

Jua. Barabara kavu. Baba alivaa shati jeupe.

Njiani hakuimba. Mikono aliiweka magotini. Nilipokaribia jiwe la kwanza nilikanyaga mafuta, mshale ukapanda hadi sitini, ukapita, nikauweka kwenye sitini na saba. Ulikaa pale bila kutetemeka hata kidogo, jinsi alivyoufunga vizuri.

"Sitini, Baba," nikasema.

Akaanza kuhesabu. Nilikuwa naangalia mbele. Nilisikia alipofika hamsini sauti yake ikaanza kuharakisha, halafu akaizuia, akairudisha kwenye mwendo wake. Angeweza kujidanganya, na hakutaka. Jiwe la pili likapita akiwa anasema, "Hamsini na nne."

Kisha akasema, "Geuza gari. Turudie."

Nikageuza. Sitini na saba. "Sitini, Baba." Hamsini na nne.

"Umeushikilia vizuri? Haukutoroka?"

"Nimeushikilia."

"Basi mara moja tu. Mara moja ya mwisho, mwanangu."

Hajaniita mwanangu tangu nirudishwe nyumbani. Nilijua kwamba nikipunguza mguu kidogo tu, mambo yatakaa sawa. Mguu wangu naujua. Nikauweka kwenye sitini na saba. Akahesabu kwa kunong'ona, jasho linamtiririka kwenye shavu, akanyamaza kabla hajaitaja namba. Tulipokuwa tumelipita jiwe kwa mbali ndipo aliposema, "Ni hivyohivyo."

Tulipofika karakana alishuka mwenyewe, akapapasa ukuta hadi kwenye meza, akakitoa kile kiti chake, akakisogeza upande wangu. Akaketi kwenye kibao changu cha pembeni. Alikaa hapo mpaka Mama akaja kumchukua.

Mei 9

Asubuhi kanikuta kwenye meza. Akasema, "Sumaku imelegea. Iongeze nguvu, kisha uupange mshale upya. Nitakaa hapa nisikilize."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Ningegonga bisibisi ovyo nikijifanya naifungua, angejua; anazijua sauti zote, ya mshale ukitoka, ya mashine ya sumaku ikipiga. Kwa hiyo nilifanya kweli. Niliifungua kazi ile, nikaweka alama yangu ya penseli, nikang'oa mshale, nikaipiga sumaku. Ikaonyesha sitini na nane kwenye sitini. Nikaipunguza. Hamsini na tano. Thelathini ikaharibika, nikaifuata thelathini, tisini ikakimbia.

Kila nikifungua alisema taratibu, "Usiwe na haraka. Meza ni yako sasa."

Mei 10

Sijaipata.

Mei 11

Sijaipata. Niliifunga ilipokaribia, kwa kuchoka.

Mei 12

Wakili anakuja kesho, kwa hiyo tulitoka leo. Safari hii niliushikilia mshale kwenye sitini kwa haki kabisa, na saa yangu niliiweka juu ya dashibodi. Baba akahesabu moyoni, midomo ikicheza. Jiwe la pili lilipopita saa yangu ilisema sekunde sitini na tatu.

Nikangoja.

"Sitini," Baba akasema. Akanipapasa begani. "Umeipata. Nilikosea kusema huna mkono. Kamwambie na Wakili nimesema."

Nilidhani kuhesabu nako kumemtoka. Nilimwonea huruma, nikaona kwamba kumbe meza ingekuja kwangu tu, kwa njia ya kawaida, mwaka huu au ujao.

Mei 13

Wakili kachukua gari lake. Baba kamwambia mlangoni, kwa sauti ya kusikiwa, kwamba fundi ni binti yake, na kwamba amwombe radhi kwa kicheko chake cha Machi. Wakili kanipa mkono.

Mchana Mama kaniletea chakula, cha moto. Mama siri haimkai. Akakaa kwenye kibao akaniambia, "Babako jana alikuja amefurahi. Akaniambia, mtoto kakosea sekunde tatu tu. Akasema nisikwambie. Alisema yeye siku yake ya kwanza kwenye hiyo meza alikosea tano na baba yake alimpiga nazo kichwani kwa maneno mpaka anazeeka. Wewe hataki ukae na tatu kichwani."

Nikamuuliza Mama kama Baba alisema kitu kuhusu ile yake, ya hamsini na nne.

"Anaihesabu," Mama akasema. "Nikiamka usiku namsikia anaihesabu. Anasema haelewi kosa liliingilia wapi, maana mkono wake ulimwambia ni sawa. Sasa anasema hata mkono wake hauamini tena. Jana alikataa kujifunga vifungo vya shati, nimemfunga mimi."

Nilipanda ngazi ili nimwambie. Nilisimama kwenye mlango wa chumba chao. Alikuwa ameketi kitandani, mikono ameinyoosha mbele yake, anaifumba na kuifumbua, na shingo ameigeuza kuitazama. Akasikia hatua zangu akauliza kama nimekula. Nikamjibu nimekula. Nikashuka.

Najichukia. Meza siirudishi.